Mnoaji Aliyetaka Kuona Mkono

Hakuwahi kunoa chombo ambacho mwenyewe hakukileta. Ukimtuma mtoto na panga la baba yake, panga litarudi lilivyokwenda, na mtoto atarudi na ujumbe mfupi: mwambie baba aje. Ukija na kisu chako pamoja na cha jirani, kwa kuwa ulikuwa unapita njia hiyo, atanoa chako, na cha jirani atakisogeza pembeni kwa mguu. Wageni walidhani ni majivuno. Sisi tuliomzoea tulijua kwamba kabla ya kugusa chuma atasema maneno mawili tu: "Shika nikuone."

Basi unashika. Kama ni panga, unalipunga kana kwamba kuna kichaka mbele yako. Kama ni kisu, unajifanya unamenya ndizi. Ilikuwa kichekesho kwa waliosubiri, maana hapo ni nje ya kanisa, Jumapili, na mama mzima amesimama na gauni lake zuri anakata hewa. Yeye hakucheka. Aliangalia kiwiko, akaangalia kifundo cha mkono, akaangalia mguu upi umetangulia, ndipo akanyoosha mkono kupokea.

Namwandika kwa sababu moja. Mwaka ambao ndugu wa baba walitaka kutugawanya sisi watoto wanne, kila mmoja nyumba yake, mtu aliyetusaidia tukabaki jiko moja alikuwa yeye, na alitusaidia kwa kunoa. Lakini nikianza na hilo nitamfanya awe mtu wa siku moja tu, na mimi nilimjua miaka mingi.

Kwao sikuwahi kuuliza, na wazazi wake siwajui. Kwetu Mapera tulimwita Mnoaji, na wakubwa wenzake walimwita Fundi. Alitoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, lafudhi yake ilisema hivyo, na alikaa Mbinga mjini katika chumba cha kupanga na mkewe. Katikati ya wiki alikuwa sokoni, nyuma ya wauza maharage. Kuna siku alikwenda kijiji cha Ruanda. Jumapili alikuwa kwetu, ng'ambo ya barabara kutoka kanisani, na kazi ilianza misa ya kwanza ikitoka. Kabla ya hapo alikuwa ndani akisali kama wengine, mfuko wa mawe ameuacha mlangoni. Hakuna aliyewahi kuuiba, na nadhani ni kwa sababu ya uzito wake kuliko kwa sababu ya utakatifu wa mahali.

Vinoo vyake vilikuwa viwili. Kimoja kikubwa, cha kijivu, chenye kukwaruza, kilichobonyea katikati kwa kulika. Kingine kidogo, cheusi, laini, cha kumalizia na cha visu vya jikoni. Alikalia gogo, kile kikubwa akakibana kati ya miguu, na kopo la maji likakaa kuliani kwake. Alichovya vidole, akanyunyiza, akaanza kusukuma chuma mbele na nyuma, polepole, bila kubadili mwendo hata mvua ikichungulia. Siku moja mwanamume mmoja aliyekuwa na haraka aliinama akatema mate juu ya jiwe ili amsaidie. Mnoaji aliacha kazi, akaliosha jiwe zima upya, akasema, "Maji yapo. Hayo yako kaa nayo, jua ni kali."

Hakupenda pia mtu apime makali kwa kidole gumba. Wanaume wengi hufanya hivyo wakirudishiwa panga, sijui kwa nini, labda ili waonekane wanajua. Yeye alimwambia kila mmoja jambo lilelile, kwamba kidole hicho atakihitaji kesho. Kipimo chake kilikuwa jani la mgomba lililokauka. Aliliweka juu ya goti, akaburuta kisu juu yake bila kukandamiza, akasikiliza. Likichanika kwa sauti, alirudi kwenye jiwe.

Watu walimtania kwa alikotoka. Walimuuliza ni Mnyasa gani huyu anayekaa milimani. Alijibu kwamba mtumbwi unamzungusha kichwa, tangu utotoni, na kwamba ndugu zake walichoka kumrudisha nchi kavu akiwa amelegea. "Ziwa siliogopi," alisema. "Nimeliacha lilipo." Kisha na yeye aliwageukia. Alisema hajawahi kuona watu wanaolima ukutani kama Wamatengo, na kwamba siku mtu akiteleza shambani kwake ataokotwa kwa jirani. Kwa miteremko yetu, hilo halikuwa uongo sana.

Alikuwa mvumilivu kwa chuma na mkali kwa watu. Angeweza kukaa na shoka moja lililopasuka ncha tangu asubuhi hadi watu wa misa ya pili wanaondoka, bila kunung'unika. Lakini ukimuuliza mara ya pili kama amemaliza, atakurudishia chombo kilivyo. Mwalimu wa kwaya alirudishiwa mkasi wake nusu umenolewa, upande mmoja unakata, mwingine hapana, kwa sababu hiyo tu. Ilibidi aje Jumapili iliyofuata na kusubiri bila kusema neno, na sisi tulikaa kumtazama mwalimu wa kwaya akiwa kimya.

Nyumbani kwake hakuruhusiwa kugusa visu. Hili alinieleza mkewe mwenyewe, nilipokuwa nawapelekea viazi. Mkewe alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye maneno mengi kwa wote wawili. Alificha visu ndani ya pipa la unga kila alipotoka. "Huyu akiachwa peke yake na kisu anakila," aliniambia. "Kile nilichoolewa nacho kilikuwa na upana wa vidole vitatu. Kamwulize sasa kiko wapi. Nashonea nguo." Mnoaji alikuwa amekaa hapohapo mlangoni anasikia, na alichofanya ni kuomba chumvi.

Mashine ya kunolea ya umeme ilipofika Mbinga, karibu na stendi, kijana mwenye nayo alivaa miwani na cheche zikaruka mpaka barabarani. Tulitegemea Mnoaji ataisema vibaya. Watu walimwendea kumchokoza, wakamwambia kazi yake imekwisha. Alisema mapanga ya kufyekea yapelekwe huko, ni upesi, na yeye bega linauma. Alisema visu visipelekwe kwa sababu vitaungua, lakini hata hilo alilisema mara moja tu na hakulirudia. Wiki chache baadaye nilishuka mjini, nikamkuta yeye mwenyewe kwenye foleni ya yule kijana, ameshika shoka lake la kuni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama, akasema, "Langu ni zito," akageuka mbele.

Kanuni yake ya mwenye chombo aliivunja mahali pamoja tu. Msibani. Kwetu mtu akifa, vyombo vya kijiji kizima hukusanyika: mashoka ya kuni, visu vya kukatia nyama na mboga, majembe ya kaburi. Mnoaji alifika na mfuko wake, akazunguka nyuma kwenye jiko la nje, akakaa, akanoa chochote kilicholetwa na yeyote, bila kuuliza mkono. Kuna mtu alimkumbusha kanuni yake kwa mzaha. Alimjibu kwamba hapa hakuna chombo chenye mwenyewe. Hakuingia ndani kutoa pole. Sikumwona akilia, na nimehudhuria misiba mingi aliyokuwapo.

Alikuja kwetu baba alipofariki, na akaja tena mama alipomfuata. Ile ya pili nakumbuka nimekaa chini kati ya shangazi zangu na nje nasikia jiwe. Jioni alipokuwa anaondoka alipita dirishani, akaniita, akaniambia visu vyetu amevichomeka juu, kwenye fito za paa la jiko, ili mdogo asivifikie. Mdogo alikuwa Beatus, kitindamimba wetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kupanda juu ya vitu. Katika watu wote waliokuja siku ile, ni yeye peke yake aliyemfikiria Beatus na visu.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa. Baba mdogo ndiye aliyeongoza maneno, na sitaki msomaji amwone mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto wake na shamba lake la kahawa, na alikuwa anatafuta njia. Alisema Damasi, anayenifuata, atakwenda kwake. Kolastika atakwenda kwa shangazi. Beatus atachukuliwa na mama mkubwa, kwa kuwa huko kuna maziwa. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule tangu baba alipougua, nilikuwa kidato cha pili, na ilisemwa kwamba Songea hakukosi nyumba inayotaka msichana wa kazi.

Nikasema tutabaki. Nitalima.

Wakaniuliza nani atakata nyasi. Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. Kwetu shamba la mteremkoni hulimwa kwa ngolo, yaani mashimo yaliyopangwa kama miraba, yanayozuia maji ya mvua yasiondoke na udongo. Na ngolo huanza na nyasi. Mwanamume hukata nyasi za shamba zima kwa nyengo, kile chombo chenye ubapa uliopinda na mpini mrefu wa mti, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke huja nyuma na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo, kisha hupanda maharage juu yake. Nyasi zisipokatwa, hakuna cha kufunika. Damasi alikuwa bado hawezi kuinua nyengo sawasawa. Wanaume wengine kila mmoja alikuwa na mteremko wake, na msimu ni mmoja kwa wote.

Wazee wakakubaliana hivi: kama hadi Pasaka mteremko wa baba utakuwa na ngolo mpaka juu, hakuna atakayehamishwa. Kama utakuwa pori, watoto wataondoka, na baba mdogo atalitunza shamba hadi Damasi akue.

Nilichukua nyengo ya baba, nikaenda. Nilikuwa nimemwona baba akikata maisha yangu yote, na nilidhani najua. Nilipiga, nyengo ikapanda juu ya nyasi, nyasi zikalala na kuinuka tena. Nikapiga chini zaidi, ikachimba udongo. Nikaongeza nguvu. Hadi mikono inatoka malengelenge, nilikuwa nimepata kipande kisichotosha hata kulalia mbuzi, na hata hicho kilionekana kama kimetafunwa. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Baba mdogo alipita njia ya juu, akasimama, akatazama. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii si kazi ya mikono yako." Upole wake ndio ulioniumiza, kwa sababu ulinifanya nimwamini. Nilianza kuwaza ni nguo gani za Beatus zifuliwe kwanza kabla hajaondoka.

Jumapili nikachukua nyengo, nikaipeleka kwa Mnoaji. Niliamini imepoteza makali tu.

Aliitazama kabla hajanitazama mimi. "Ya nani hii?"

"Ya baba."

"Sikuuliza ilikuwa ya nani."

Nilitazama foleni nyuma yangu. Nikasema ni yangu.

"Shika nikuone."

Nikashika, nikakata hewa mbele ya watu wa misa ya kwanza. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye makali, kwanza upande huu, kisha upande ule. Halafu akanieleza, kwa sauti ileile aliyokuwa anazungumzia hali ya hewa. Baba alikuwa mtu wa kushoto. Hilo nililijua, alikula kwa kulia kwa sababu alifundishwa hivyo, lakini kazi zote alifanya kwa kushoto. Nyengo hunolewa upande mmoja tu. Upande wa chini hubaki bapa ili uteleze juu ya ardhi, na wa juu huinamishwa. Miaka yote hiyo Mnoaji alikuwa anainamisha upande wa baba. Kwa mkono wangu wa kulia ule mwinamo ulikuwa chini, na ndiyo maana chuma kilikuwa kinapanda. Akasema hata baba mdogo akiishika haitakata kitu.

Nikafurahi, nikamwambia aigeuze basi.

Hakuanza. Alisema akiigeuza, makali ya baba yatakwisha yote, na hayarudi, kwa sababu itabidi aondoe chuma kingi. Sikuwa nimewahi kuifikiria ile nyengo hivyo. Nguo za baba zilikuwa zimeshagawanywa, kiti chake alichukua baba mdogo, na sasa naambiwa kwamba umbo la mkono wake lilikuwa limebaki pale, kwenye ukingo wa chuma, na mimi ndiye wa kusema liondolewe. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Fundi, noa tu, jua linakwenda." Mnoaji akamwambia aende nyumbani, arudi Jumapili ijayo. Yule mtu akaondoka kweli.

Kisha akaniambia, "Baba yako hakati nyasi mwaka huu. Anakata nani?"

"Mimi."

"Haya."

Alianza na tupa, maana jiwe peke yake lisingeweza. Vumbi la chuma likaanguka juu ya viatu vyake vya kanisani. Alipofika kwenye jiwe kubwa, maji yakawa meusi, akayamwaga, akanituma kisimani, yakawa meusi tena. Misa ya pili ikaanza, ikaisha. Foleni ikatawanyika yenyewe. Katikati ya kazi alisema jambo moja tu kuhusu baba, kwamba alikuwa mtu asiyeuliza mara mbili, na kwangu hiyo ilitosha kuwa sifa. Alipomaliza alinipeleka kwenye mtaro kando ya barabara, akaniambia nisipige, nivute, na chuma kiende chini kwa chini. Nikavuta. Nyasi zikalala upande mmoja na hazikuinuka. Mama mmoja aliyekuwa anapita akasema kwamba leo ni Jumapili na kukata nyasi ni kazi. Mnoaji akamwambia aandike barua Roma.

Sitaeleza kila siku ya msimu ule. Nilikata, Damasi akalaza mistari, na ikipinda niliirudia. Kolastika alimbeba Beatus mgongoni na bado akachimba. Majirani wanawake walipomaliza miteremko yao walikuja na majembe yao kutusaidia kufunika, kama tunavyofanya kwa mtu yeyote, lakini wasingeweza kuja kama nyasi zisingekuwa zimelazwa. Kabla ya Pasaka tulikuwa tumefika juu. Kona moja ya karibu na kijito ilibaki. Baba mdogo akaja, akapanda mteremko wote polepole akitazama kila mraba, akakaa kileleni, akafuta jasho. Hakutaja kile kikao. Aliuliza kama tuna mbegu. Nikamwambia hazitoshi. Wiki hiyohiyo akatuletea maharage ya mbegu kwenye baiskeli, na hakuna mtoto aliyehamishwa.

Swali lenyewe lilirudi kila mwaka, ingawa hakuna aliyelisema. Kila nyasi zilipokomaa, nilijua watu wanatazama mteremko wetu kuliko mingine. Na kila mwaka kabla ya kuanza nilikwenda kwa Mnoaji, nikashika, akaona. Mwaka mmoja alisema kiwiko changu kimeshuka, akapunguza mwinamo. Damasi alipopata nguvu za kukata, alikwenda na nyengo yake mwenyewe.

Huenda nimemfanya aonekane mtu wa msaada. Alikuwa pia mwongo, pale alipotaka. Kulikuwa na jamaa wawili waliogombea mpaka wa mibuni, na mmoja alikuja Jumapili na panga, macho mekundu, akataka linolewe sana. Mnoaji akamwambia ashike. Jamaa akalipunga. Nilikuwapo, nasubiri zamu, na nilivyoona mimi lile halikuwa pigo la mtu anayefyeka, lilikuwa juu mno. Mnoaji akalipokea, akanoa kwa muda mrefu, akamrudishia. Jamaa akaondoka nalo. Kesho yake asubuhi akamfuata mpaka Mbinga sokoni kumlalamikia kwamba panga halikati hata mgomba. Mnoaji alikuwa ameulaza ukingo wake juu ya jiwe mpaka likawa na mdomo wa kijiko. Akamwomba radhi mbele za watu. Akasema ni uzee, mkono ulichoka. Akamnolea upya palepale, vizuri, kwa sababu wakati huo jamaa alikuwa amelala usingizi na hasira imeshuka. Nilipomuuliza siku nyingine kama kweli mkono ulichoka, aliniambia nami ninaanza kuuliza mara mbili.

Bega ndilo lililomwondoa. Lilianza kwa kuuma asubuhi, likawa linauma siku nzima, na mwishowe Jumapili moja hakuja. Tulisikia amerudi ziwani na mkewe, kaskazini ya Mbamba Bay, kwenye kiwanja cha ndugu zake. Wakati huo kwetu mambo yalikuwa yanabadilika. Damasi alioa, akahamia Ruanda kwenye shamba alilonunua. Kolastika alipata kazi ya ushonaji Songea, akaolewa hukohuko. Beatus alibaki nami mwisho, na mwaka jana akapata nafasi ya udereva Mbinga mjini, akapanga chumba. Alinibusu kichwani akaondoka na godoro lake juu ya bodaboda.

Nilikuwa nimepigania miaka yote ili jiko lile lisitawanyike, na sasa nilikuwa napika sufuria dogo. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna kikao kilichokaa. Lakini nilipotazama, ilikuwa vilevile kama alivyopanga baba mdogo: mmoja Ruanda, mmoja Songea, kila mtu kwake. Nikaanza kujiuliza nilikata zile nyasi zote ili nini.

Baada ya kuvuna maharage nikapakia ndoo moja, nikapanda basi kushuka ziwani. Sikuwa na sababu nyingine niliyoweza kumwambia mtu.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya tofali, mkono wa kulia ameuegemeza kwenye kanga iliyofungwa shingoni. Amekonda. Nikasema, "Shikamoo, Fundi." Akaitika, akanitazama muda. Uso hakuutambua. Mkewe ndiye aliyepiga kelele ndani na kutoka mbio, akanikumbatia, akaanza kueleza kuhusu joto la huku na mbu na ndugu wa mumewe. Mnoaji akamngoja amalize.

"Wadogo zako?" akaniuliza.

Nikamweleza kila mmoja alipo. Nikasema nimebaki peke yangu. Nadhani sauti yangu ilibadilika hapo, kwa sababu mkewe, aliyekuwa anapepeta maharage niliyoleta, aliacha.

"Nani aliwapeleka?"

"Hakuna. Wameondoka wenyewe."

Akatikisa kichwa, akatazama pembeni, akaniuliza kama mvua za huko zilikuwa nzuri. Nikamwambia zilikuwa nzuri. Tukazungumza kuhusu bei ya kahawa na kuhusu barabara mpya. Nilijiona mjinga kidogo kusafiri mbali vile. Tukala ugali, mkewe akimkatia mboga ndogondogo kwa sababu mkono haufiki mdomoni vizuri, naye akilalamika kwamba amekatiwa kama mtoto.

Nilipoaga, mkewe akaleta usipa, wale dagaa wa Nyasa, waliokaushwa juani, akaanza kuwafunga kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Ilikuwa furushi moja kubwa. Mnoaji akamwona akivuta kamba.

"Usifunge pamoja," akamwambia. "Wana majiko manne hao."

Mkewe akafungua, akagawa upya. Alipofunga la mwisho, Mnoaji alijaribu kuliinua kwa mkono wa kushoto kupima, akaona ni dogo kuliko mengine, akataka liongezwe. Likaongezwa.

Nikalala Mbamba Bay kwa mtu wa kanisani, na asubuhi nikawa stendi ya Mbinga. Furushi la Songea nikampa kondakta ninayemfahamu. La Ruanda likaenda na bodaboda. La Beatus nikampelekea mwenyewe kijiweni kwake, akalinusa mbele ya wenzake, akalificha chini ya kiti. Langu nikapanda nalo Mapera.

Jioni nilikuwa nimewasha moto. Damasi alipiga simu kwanza, akasema mkewe amewakaanga na nyanya na watoto wanagombania vichwa. Beatus akapiga kuuliza kama wanaoshwa kwanza au wanakaangwa hivyohivyo. Nikamwambia aoshe. Kolastika akapiga mwisho, mdomo umejaa, nasikia sahani.

"Dada, wewe umekula?"

"Ndiyo naketi," nikamwambia.